Kabla Hujasema Dodoma Haina Roki: Historia ya Akina Zawose, Bendi ya Ukoo Kutoka Ugogoni



Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya kwenda Singida, kabla hujaiona Manyoni, lazima upite Bahi. Bahi inajulikana kwa mpunga, kwa bwawa lake kubwa linalojaa na kukauka kufuata mvua, na kwa reli ya kati inayopita hapo tangu enzi za Mjerumani. Kimuziki? Pita stendi uone: bodaboda huyu kafungulia singeli, yule amapiano, mama ntilie ana kwaya kwenye redio. Kila mtu na ngoma yake.

Ila kuna jambo wengi hawalijui. Muziki wa watu wa huku, huu huu wa Kigogo tunaousikia kwenye mbio za Mwenge na mapokezi ya viongozi, umewahi kuingia studio moja na watu walioijenga sauti ya roki duniani. Na haukuingia kama mapambo. Uliingia kama mwenye nyumba.

Mitandaoni Mgogo akitajwa, nusu ya watu wanaanza utani wa kuombaomba. Utani ni utani, watani wapo na wataendelea kuwepo. Lakini mtu akikujua kwa utani tu, amekujua nusu. Leo tuangalie nusu ya pili: safari ya ukoo wa Zawose, kutoka zeze la porini hadi gitaa la umeme, na kutoka kwa Mzee Hukwe hadi kwa mabinti wanaoshika usukani sasa hivi.

ROKI MBADALA NI KITU GANI?

Tuanze hapa ili twende pamoja. Roki tunaijua: gitaa la umeme, besi, dramu na makelele ya kutosha. Roki mbadala ni ile ya watu waliokataa kupita njia ya redioni. Wanatafuta sauti ambayo haijazoeleka, wanachanganya visivyochanganyika, na hawaombi msamaha. Wengi wao hawauzi sana mwanzoni, ila miaka ikipita, kila mtu anawaiga.

Bongo nayo ilionja roki. Miaka ya 1970 kulikuwa na bendi inaitwa Sunburst, maskani Dar es Salaam. Walikuwa na gitaa la kukwaruza, kinanda, midundo ya Kiafrika, na wenyewe mtindo wao waliuita Kitoto. Albamu yao ya Ave Africa ni ya mwaka 1976. Halafu kimya. Ilipita miaka 40 ndipo kampuni ya Strut ya Uingereza ikaitoa upya mwaka 2016, na vijana wengi wa Kitanzania ndiyo wakaisikia kwa mara ya kwanza. Majirani zetu Zambia wakati ule walikuwa na WITCH na wenzao, mpaka mtindo wao ukapata jina: Zamrock.

Kwa nini kwetu roki haikushika? Sababu moja ni siasa ya wakati ule. Tanzania ilikuwa inajenga utamaduni wa taifa. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na ngoma za asili zikapewa kiti cha mbele. Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana iliyoendeshwa na Umoja wa Vijana wa TANU, ikipiga vita sketi fupi na suruali za kubana. Mwaka huo huo, Novemba, muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Kijana aliyetaka kuwa James Brown wa Kariakoo alikuwa na wakati mgumu kweli.

Sasa cheki maajabu ya historia. Siasa ile ile iliyobana muziki wa kuja ndiyo iliyomtoa Mgogo mmoja kijijini na kumweka kwenye njia ambayo mwisho wake ulikuwa ni huko huko kwenye roki.

SAUTI KABLA YA UMEME

Kabla ya kumfikia mtu mwenyewe, lazima tuujue muziki wenyewe, maana bila hapo huwezi kuelewa kwa nini wazungu wa roki walichanganyikiwa.

Wagogo ni wafugaji na wakulima wa nchi kavu. Muziki wao una ala chache lakini kila moja ina kazi. Kuna zeze, ambalo kwa Kigogo ni chizeze: kibuyu, mti, nyuzi, na upinde wa kusugulia. Kuna ilimba, ambayo wengine tunaiita marimba ya vidole au malimba: sanduku la mbao lenye vyuma vilivyopondwa bapa, unavipiga kwa vidole gumba. Kuna filimbi, kayamba na njuga za miguuni. Na kuna muheme, ngoma za akina mama, ambazo mpigaji anazibana katikati ya mapaja huku akicheza. Hizo ngoma ni za wanawake. Shika hilo, tutalirudia.

Juu ya yote hayo kuna sauti. Wagogo wakiimba hawaimbi wote noti moja. Sauti zinagawanyika, huyu chini, yule kati, mwingine juu kabisa, na zinakutana kwa namna ambayo mwalimu yeyote wa kwaya ataipigia makofi. Mtu akikwambia hayo ni mafunzo ya wamisionari, mwambie asikilize vizuri. Ngazi ya noti za Kigogo haiko kwenye kinanda.

Hapo panahitaji maelezo kidogo. Ukipiga uzi mmoja, hausikii noti moja tu. Ndani yake kuna noti nyingine ndogo ndogo zimejificha juu ya ile kubwa, kwa mpangilio uliowekwa na maumbile yenyewe. Watafiti kama Gerhard Kubik wa Austria walionyesha kwamba Wagogo wameitoa ngazi yao ya muziki kwenye hizo noti zilizojificha, kuanzia ile ya nne kwenda juu. Moja kati ya hizo, ile ya saba, kwenye kinanda haipo kabisa. Imekaa katikati ya vitufe viwili. Prodyuza, kama unataka kuipata kwenye FL Studio, chukua noti ya karibu yake halafu ishushe kama senti 31, pale ambapo nusu toni ni senti 100. Ukiipiga kwa vitufe vya kawaida bila kurekebisha, Mgogo halisi atajua umekosea hata kama hawezi kukueleza umekosea wapi.

Halafu kuna utando wa buibui. Kwenye ubao wa ilimba kunatobolewa tundu, na juu ya tundu unabandikwa utando mwepesi ambao buibui anafunikia mayai yake. Ukipiga vyuma, utando unatetemeka na sauti inatoka na mkwaruzo, inavuma kama nyuki ndani ya mzinga. Mafundi walifanya makusudi. Waliona sauti safi peke yake haina ladha.

Mwaka 1964 huko Uingereza, kijana Dave Davies wa bendi ya The Kinks alichana spika ya gitaa lake kwa wembe ili itoe sauti ya kukwaruza. Wimbo wa You Really Got Me ukatoka, na wanahistoria wa roki hadi leo wanautaja kila wanapozungumzia mkwaruzo wa gitaa ulikotoka. Ni ubunifu mkubwa, hakuna anayebisha. Ila Ugogoni mkwaruzo ulikuwepo siku nyingi, na fundi wake alikuwa buibui.

MZEE HUKWE ANAITWA MJINI

Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mkoani Dodoma kuelekea mwaka 1940, kwenye familia ya Kigogo. Alikuwa na vitu vitatu ambavyo ni nadra kuvipata kwa mtu mmoja. Kwanza sauti: angeweza kukoroma chini kama fahali, na ndani ya pumzi hiyo hiyo akaruka juu kama mtoto anayemwita mwenzake ng'ambo ya korongo. Pili mikono: zeze, ilimba, filimbi, vyote alivipiga. Tatu, na hili ndilo kubwa, alikuwa fundi. Ala zake alizitengeneza mwenyewe, na hakuziacha kama alivyozikuta.

Ilimba aliyoirithi ilikuwa na vyuma vyake. Yeye akaongeza. Alitengeneza ilimba kubwa zenye vyuma vingi sana, na baadhi ya vyuma hivyo mpigaji havigusi kabisa. Vimewekwa ili viitikie vyenyewe pale vingine vinapopigwa, kama watu waliokaa nyuma kwenye mkutano wakiguna kukubali. Zeze nalo alilipa nyuzi nyingi kuliko mbili za kawaida. Kwa hiyo wale wanaodhani muziki wa asili maana yake ni kutogusa kitu, Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa hivyo. Alikuwa anafungua na kufunga ala zake kama fundi pikipiki.

Miaka ya 1960 kipaji chake kilimfikia Mwalimu Nyerere, na Hukwe akaitwa Dar es Salaam kulipigia taifa. Akaingia kwenye Kikundi cha Taifa cha Ngoma. Huko Mgogo, Mzaramo, Mmakonde na Msukuma walikutana na kufundishana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikundi hicho kilifikia mwisho, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo kinaitwa TaSUBa, kikafunguliwa mwaka 1981. Hukwe akahamia Bagamoyo, akafundisha pale, akajenga na kuzaa hapo. Ukoo wa watu wa bara kavu ukaota mizizi pembeni ya bahari.

Kuna gharama kwenye kila kuitwa mjini. Ngoma iliyokuwa ya usiku mzima kijijini, ya jando au ya mavuno, jukwaani inapewa dakika kumi. Wimbo wa harusi unakuwa wimbo wa kumpokea rais wa nchi ya kigeni. Wasanii wa taifa waliimba sana sifa za chama na serikali, na Hukwe naye aliimba. Lakini pia alipata kitu ambacho kijijini asingekipata: muda. Alikuwa msanii wa kazi, siyo mkulima anayepiga zeze jioni akishachoka. Huo muda ndio uliozaa zile ilimba kubwa.

KASETI, SANTURI, HALAFU WOMAD

Miaka ya 1980 dunia ikaanza kusikia. Kampuni ndogo ya Uingereza, Triple Earth, ilitoa albamu ya Tanzania Yetu, ambayo Hukwe alipiga na wenzake Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute, na baadaye ikatoka Mateso. Wajapani nao wakamrekodi kupitia JVC. Kwa hiyo kulikuwa na watu Tokyo wanaokaa chini na kumsikiliza Mgogo kwa makini kabisa, wakati Bongo alikuwa anaonekana zaidi kwenye sherehe za kitaifa.

Halafu inaingia WOMAD, na hapa roki inarudi kwenye stori.

Peter Gabriel alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki ya Genesis, akaiacha mwaka 1975 na kuanza mambo yake. Yeye na wenzake waliandaa tamasha la kwanza la WOMAD mwaka 1982, mji wa Shepton Mallet, Uingereza. Wazo lilikuwa kuweka bendi za roki na wanamuziki wa dunia nzima jukwaa moja. Majirani zetu wa Burundi walikuwepo na ngoma zao, na bendi ya roki mbadala ya Echo & the Bunnymen ilipanda jukwaani nao. Kisanaa lilikuwa tamasha la kihistoria. Kifedha lilikuwa msiba! Madeni yalikuwa makubwa mpaka Genesis wakaungana tena na Gabriel kwa shoo moja, Oktoba mwaka huo huo, ili kumwokoa mwenzao.

WOMAD haikufa. Mwaka 1989 ikazaliwa lebo ya Real World, yenye studio kwenye kijiji cha Box, Wiltshire. Na katika watu waliopanda majukwaa hayo na kuingia studio hiyo alikuwemo Mzee wetu. Mwaka 1996 Real World ilitoa Chibite, Hukwe akiwa na ndugu yake mdogo wa ukoo, Charles Zawose. Ukiisikiliza leo utaona haina gitaa hata moja. Ni sauti mbili, ilimba, zeze na njuga, ila ina uzito wa bendi nzima.

GITAA LISILOKATA SAUTI

Sasa tufike kwenye kilele.

Kulikuwa na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Huyu jamaa alikuwa na kero moja: ukipiga uzi wa gitaa, sauti inaanza na nguvu halafu inafifia. Yeye alitaka isifife. Akatengeneza gitaa ambalo uzi unaendelea kulia muda wote unaotaka. Moja ya magitaa hayo lilimfikia The Edge wa U2, na ndilo linalolia kwenye With or Without You ya mwaka 1987. Wote mnaujua huo wimbo, hata kama hamjui mnaujua.

Brook alishafanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan, wakatoa Mustt Mustt. Kwa hiyo alikuwa anajua kukaa na watu wenye sauti kubwa bila kuwafunika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikatoka albamu ya Assembly, jina la kwanza Hukwe Zawose, la pili Michael Brook.

Fikiria kidogo mkutano huo. Mmoja ametumia miaka na umeme na sumaku kutafuta uzi usiokata sauti. Mwingine amekua na zeze, ambalo uzi wake hulia kadiri mkono unavyosukuma upinde. Walikuwa wanatafuta kitu kimoja kutoka pande mbili. Ndiyo maana Assembly haisikiki kama zile kolabo za kubandika, ambapo mwafrika anaimba halafu mzungu anaweka biti juu yake. Gitaa linajibu zeze. Vipande vya ilimba vinazungushwa kama luupu, na kwa kuwa ilimba yenyewe tangu zamani inazunguka mzunguko mmoja huku ikibadilika kidogo kidogo, luupu haionekani mgeni. Ile noti ya saba iliyokosekana kwenye kinanda, gitaa linaweza kuikunja mpaka kuifikia.

Kuna waliolalamika. Wapo wapenzi wa muziki wa asili walioona umeme umemchafua Mzee, na lawama hizo hazikuwa za kijinga. Kila mwenye studio kubwa akikutana na mwenye kibuyu, lazima uulize nani anaamua na nani anabaki na hela. Swali hilo linaihusu kolabo yoyote ya namna hii mpaka kesho. Ila upande wa sanaa, kumlinda Hukwe na mabadiliko ni kutomjua. Huyu ndiye aliyeongeza vyuma kwenye ilimba ya wazee bila kuomba ruhusa. Angekutana na umeme halafu akaukimbia?

Mwaka 2002 Peter Gabriel alizunguka Marekani na ziara yake ya Growing Up, na miongoni mwa waliofungua shoo zake ni akina Zawose. Pata picha. Kumbi kubwa za mpira wa kikapu, maelfu ya mashabiki wa roki waliokuja kwa ajili ya magitaa, taa zinazima, halafu wanasikia njuga.

MWAKA MMOJA, MISIBA MIWILI

Tarehe 30 Desemba 2003, Mzee Hukwe alifariki nyumbani kwake Bagamoyo. Mwaka uliofuata akaondoka Charles, ambaye watu wengi walimwona ndiye mrithi wa wazi. Ndani ya muda mfupi ukoo ulipoteza sauti mbili zilizobeba Chibite.

Bendi nyingi za roki zinakufa hapo. Mwimbaji akienda, wanabaki kuuza fulana na kurudia nyimbo za zamani. Akina Zawose nao wangeweza kubaki hivyo, wakiwapigia watalii Bagamoyo yale yale ya Mzee, na hakuna ambaye angewalaumu. Chakula lazima kipatikane.

Mtoto wa Hukwe, Msafiri Zawose, alichagua njia ngumu. Alijifunza ala za baba, akapiga na bendi yake, na mwaka 2017 akatoa Uhamiaji kupitia Soundway Records ya Uingereza, akishirikiana na prodyuza Sam Jones. Kwenye Uhamiaji utasikia sinthesaiza na besi nzito, na katikati yake ilimba na zeze wala haviombi nafasi. Pale ambapo Assembly ilikuwa ni mazungumzo ya watu wazima wawili waliokutana njiani, Uhamiaji ni ya mtu aliyezaliwa ndani ya mchanganyiko. Kwake ilimba na kompyuta vyote ni vyombo vya nyumbani. Na jina lenyewe linatosha: Wagogo waliohamia pwani, muziki uliohama kijiji, mtoto aliyelazimika kuhama kivuli cha baba.

MABINTI WANASHIKA MAIKI

Sasa rudi kwenye lile la muheme.

Ugogoni mwanamke ndiye mwenye ngoma. Lakini zeze na ilimba kwa muda mrefu vilikuwa mikononi mwa wanaume, na kwenye kundi la ukoo mambo yalifuata mkondo huo. Wanawake waliitikia, walicheza, walipamba shoo. Majina kwenye kava ya albamu yalikuwa ya wanaume. Ukisikiliza kazi za zamani utazisikia sauti zao nyuma, zimeshikilia wimbo usianguke, na usingejua hata wanaitwa nani.

Mwaka 2024 hilo lilibadilika. Juni ya mwaka huo Real World, lebo ile ile ya Mzee, ilitoa Maisha, albamu ya The Zawose Queens. Walio mbele ni Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake. Prodyuza ni Oli Barton-Wood na Tom Excell, na kazi ilirekodiwa hapa hapa Tanzania, siyo Box. Wanaimba kwa Kigogo na Kiswahili, wanapiga ngoma zao na zeze na ilimba pia, na elektroniki imewekwa kwa kipimo, kama chumvi.

Mtu anaweza kusema, sawa, ni albamu nyingine tu. Siyo hivyo. Hukwe alibadilisha ala. Msafiri alibadilisha mazingira ya ala. Pendo na Leah wamebadilisha nani anaruhusiwa kuishika. Kati ya mabadiliko yote ya ukoo huu, hili ndilo lililohitaji ujasiri mkubwa, kwa sababu chuma cha ilimba ukikiongeza hakinuni. Wajomba wananuna.

Na matokeo yake yanasikika. Zile sauti zilizokuwa nyuma zikija mbele, muziki unabadilika umbo. Mpangilio wa sauti nyingi, ambao kwa Hukwe ulikuwa unamzunguka mtu mmoja mkubwa, hapa unakuwa ndiyo wimbo wenyewe. Hakuna jogoo mmoja, kuna kundi. Kwa namna fulani Maisha, pamoja na elektroniki yake yote, imekaa karibu zaidi na jinsi wanawake wanavyoimba kijijini kuliko rekodi nyingi zilizoitwa za asili.

TURUDI BAHI

Hesabu sasa. Triple Earth, Uingereza. JVC, Japani. Real World, Uingereza. Soundway, Uingereza. Kuanzia 1985 mpaka 2024, karibu miaka 40, albamu kubwa za ukoo mmoja wa Dodoma zimetolewa na lebo za nje. Ukitaka kumsikiliza Hukwe, ilibidi kwanza mzungu amsikilize kwa niaba yako. Simu zetu sasa zimebadilisha hilo. Chibite, Assembly, Uhamiaji na Maisha zote unazipata kwa bando lile lile unalolitumia kuangalia vichekesho.

Nyumbani pia kuna watu hawajalala. Chamwino, upande wa pili wa Dodoma mjini, kuna tamasha la muziki wa Wagogo ambalo limekuwa likikusanya vikundi vya vijijini, likihusishwa na Dk. Kedmon Mapana, Mgogo na msomi wa muziki ambaye baadaye akawa Katibu Mtendaji wa BASATA. Huko hakuna mtalii anayesubiri dakika zake kumi. Kuna kijiji kinachotaka kukishinda kijiji kingine. Muziki unaposhindaniwa na wenyewe, ujue bado uko hai.

Ila tamasha moja kwa mwaka halitoshi kumshika dogo wa Bahi anayetaka kutoka kimuziki. Dogo huyo akifungua kompyuta anakuta sauti za amapiano zimeshapangwa, anaburuta tu. Za ilimba hazipo, na hata akizipata, ile noti ya saba atairekebisha iingie kwenye kinanda akidhani ni kosa la kurekodi. Hivyo ndivyo muziki unavyokufa siku hizi. Haupigwi marufuku kama soul mwaka 1969. Unanyooshwa tu kidogo kidogo mpaka unafanana na mwingine wowote.

Singeli ilikuwa inachekwa. Watoto wa uswahilini Dar es Salaam waliambiwa wanapiga kelele, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ikatoa Sounds of Sisso, kisha majukwaa ya Ulaya yakawaita. Wale madogo hawakusubiri studio nzuri wala hawakunyoosha sauti yao. Waliisukuma ilivyo.

Kwa upande wa Ugogoni kazi nusu imeshafanywa. Mkwaruzo upo, mzunguko upo, sauti nyingi zipo, na ukoo mmoja umeshaonyesha kwa vizazi vitatu kwamba ukiongeza chuma kwenye ilimba, wazee hawafufuki kukuchapa. Kinachosubiriwa ni mtu wa Bahi, Kigwe, Chamwino au Mpwapwa, wa kiume au wa kike, anayejua Kigogo cha bibi yake na anajua kufungua programu ya kurekodia. Shule yake iko tayari: aanze na Chibite asikie mifupa, aende Assembly asikie umeme, apite Uhamiaji, amalizie na Maisha. Ni kama saa tatu au nne hivi, chini ya muda wa basi la Dodoma kwenda Dar.

Halafu siku nyingine mtu akianza utani wa Wagogo na kuombaomba, mcheke naye, maana utani hauna kesi. Ukimaliza kucheka, mwekee spika Assembly. Mwache asikilize mpaka mwisho, ndipo umuulize nani hapo alikuwa anaomba, na nani alikuwa anatoa.